Nilienda Taveta Kutafuta Jina

Susu wangu anaishi Machakos na hajawahi kufika Taveta. Hata hivyo, tangu nikiwa mdogo nimemsikia akiutaja mji huo kama mtu anayemtaja jirani aliyemkosea zamani. "Alienda upande wa Taveta," husema. Anamaanisha babu yake, baba ya baba yake, aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo kwenye vita vya Wazungu. Baba yake susu alikuwa bado ananyonya. Mzee hakurudi. Stori inaishia hapo: hakuna barua, hakuna kaburi, wala mtu aliyekuja nyumbani kusema alikufa lini na kwa nini.

Mwaka jana nilimwambia susu kuwa Taveta kuna makaburi ya vita hivyo, na kwamba majina ya waliokufa yamechorwa kwenye mawe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Jina lake liko?"

Sikuwa na jibu. Nikajipa moyo, nikakusanya pesa za kazi mbili za uandishi nilizokuwa nimelipwa, nikapanda treni ya asubuhi hadi Voi.

Niseme mapema: mimi si mwanahistoria. Nilisoma historia chuo kikuu kwa miaka miwili, karo ikakata, nikarudi mtaani. Katika ile miaka miwili tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kwa wiki nzima, na karibu yote yalihusu Ufaransa na Ubelgiji. Kuhusu Afrika Mashariki tulipewa ukurasa mmoja. Mengi niliyoandika hapa nimeyasoma baadaye, kwenye simu, usiku, wakati bando bado ipo.

Kutoka Voi unapanda matatu ya kwenda Taveta. Inapita Mwatate, inapita Bura, inapita Maktau, halafu barabara inakata katikati ya Tsavo Magharibi na unaona mavi ya tembo kwenye lami. Pembeni ya barabara kuna reli ya zamani. Wasafiri wengi hawaiangalii. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya vita. Mwaka wa 1915 Waingereza waliianza Voi wakiielekeza mpakani, ili wabebe askari, mizinga na chakula. Bonde hili ni kavu, kwa hivyo wakavuta pia bomba la maji kutoka Bura hadi Maktau. Ukiona urefu wa ile nyika unaelewa kwa nini. Hapa kiu ilikuwa adui kama bunduki.

Kwa nini wapiganie Taveta? Angalia ramani. Upande mmoja kuna Kilimanjaro, upande mwingine milima ya Pare, na katikati kuna uwazi. Taveta iko kwenye uwazi huo. Ukitaka kuingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ujerumani, unapitia hapo. Ukitoka Tanganyika kwenda kuvunja reli ya Uganda, unapitia hapo pia. Ndiyo maana Wajerumani waliivamia Taveta tarehe 15 Agosti 1914, wiki mbili tu baada ya vita kuanza Ulaya, wakaikalia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Watu wengi hawajui kuwa kipande cha Kenya kiliwahi kuwa chini ya bendera ya Mjerumani wakati huo wote.

Nilishukia Salaita kabla ya kufika mjini. Nilikuwa nimepanga na kijana wa bodaboda anipokee barabarani. Salaita ni kilima kimoja peke yake kwenye nyanda tambarare, si kirefu, hata kwa mbali unaweza kudhani ni chungu cha udongo kilichosahauliwa na mjenzi. Ukikiona huwezi kuamini kuna mtu angekufa kwa ajili yake.

"Kaka, unajua kwa nini panaitwa Salaita?" kijana aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha mpakani, changu mbele yake kilisikika kama mawe kwenye debe. "Ni Kizungu hicho. Maana yake machinjioni. Watu walichinjwa hapa, babu zetu wakashindwa kulitamka lile neno, ikawa Salaita."

Ni stori tamu, na nimeisikia kwa watu wengine pia. Shida ni kwamba maafisa wa Uingereza waliokuwa wakipanga mashambulizi walikiita kilima hiki Salaita kabla ya mtu yeyote kuchinjwa. Jina lilitangulia damu. Sikumbishia sana. Alinionyesha upande ambao, kwa maelezo yake, kulikuwa na mwanamke Mjerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwadungua Waingereza mmoja mmoja. Stori hiyo nayo inapendwa sana huku. Nimejifunza kwamba mahali ambapo hakuna maandishi, watu hawaachi pengo wazi. Hulijaza.

Kilichotokea Salaita kwa hakika ni hiki. Tarehe 12 Februari 1916, Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson aliwatuma takriban watu 6,000 kukiteka kilima. Wengi wao walikuwa Wazungu kutoka Afrika Kusini waliokuwa wameshuka meli juzi tu, hawajawahi kupigana kwenye nyika hii. Pamoja nao kulikuwa na Waingereza wa Lancashire, Wazungu wa Rhodesia, na Wahindi wa kikosi cha 130, Baluchi. Walikuwa wamepiga kambi mahali walipopaita Serengeti, na usichanganye na ile ya Tanzania. Waliambiwa kuwa kilimani kuna maadui wachache. Walikuwa zaidi ya elfu moja, wengi wao askari weusi waliofunzwa na Mjerumani.

Mizinga ikapiga kilele cha kilima kwa muda mrefu. Vumbi likapanda, ikaonekana kazi imeisha. Lakini Wajerumani hawakuwa kileleni. Mahandaki yao yalikuwa chini, kwenye tako la kilima, yamefichwa na vichaka na kuzungushiwa miiba. Waafrika Kusini walipokaribia, bunduki za bombomu zikawafungukia. Kisha askari wa Mjerumani wakatoka vichakani na singe. Ile brigedi mpya ikavunjika, watu wakakimbia kurudi walikotoka. Waliosimama imara wakazuia maafa zaidi ni wale Baluchi.

Hapa kuna kisa kinachosimuliwa na karibu kila anayeandika kuhusu Salaita. Kabla ya siku hiyo, Waafrika Kusini walikuwa wakiwaita Wahindi kwa jina la dharau, lile la vibarua wa mashambani. Siku ya vita wakakimbia na kuacha bunduki zao za bombomu. Baluchi wakazichukua, wakawarudishia pamoja na ujumbe wa adabu kabisa: tafadhali, kuanzia leo msituite vile tena.

Kwa siku moja, upande wa Uingereza ulikuwa na watu wapatao 170 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, na wengi walikuwa Waafrika Kusini. Wiki moja baadaye Jan Smuts alifika Mombasa kuchukua uongozi. Hakukipiga kilima tena. Alizungusha jeshi kwa upande wa kaskazini, na Wajerumani wakakiacha Salaita wenyewe. Mapigano makubwa yaliyofuata yalikuwa ng'ambo ya Taveta, kwenye vilima viwili vya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi. Usiku kucha watu waliuana kwenye mteremko bila kuonana. Kulipopambazuka, pande zote mbili zilikuwa zimeanza kujiondoa, kila mmoja akidhani ameshindwa. Uingereza ilipoteza karibu watu 270, waliokufa na waliojeruhiwa. Luteni Kanali Graham, kamanda wa kikosi cha tatu cha KAR, aliuawa hapo.

Nilipanda Salaita. Haichukui muda. Upepo ulikuwa mkali na Kilimanjaro ilikuwa imejifunika. Chini kuna miiba, mchanga mwekundu na alama za mahandaki yaliyojaa udongo, ambayo kama hujaambiwa utasema ni mifereji ya mvua. Nilijaribu kuwaza zile sauti. Sikuweza. Nilichosikia ni lori likibadilisha gia barabarani.

Kisha tukaenda makaburini.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tangu unapoingia unajua kuwa kuna mtu analipwa kupatunza. Nyasi zimekatwa. Mistari imenyooka. Nje kuna vumbi, mbuzi, bodaboda na kelele za mpakani, ndani kuna utulivu wa aina ambayo huipati popote pengine mjini. Nilitembea polepole nikisoma kila jiwe. Jina. Cheo. Kikosi. Tarehe. Februari 1916. Machi 1916. Februari tena. Wengine walikuwa vijana kuniliko.

Nataka niwe mkweli kuhusu nilichohisi, kwa sababu nilikuja nimejiandaa kuwa na hasira. Mbele ya jiwe la kijana wa miaka ishirini na kitu aliyesafirishwa kutoka Afrika Kusini ili afe kwenye miiba ya Salaita wiki chache baadaye, hasira haikuja. Nilimhurumia. Nilisema "pole" kwa sauti, nikageuka haraka kuona kama kijana wa boda amenisikia. Mama yake huyu mtu alipata jibu. Alijua mwanawe yuko wapi. Nilifurahi kwamba alijua.

Hasira ilikuja nilipofika mwisho wa mstari wa mwisho.

Nilikuwa na jina la mzee limeandikwa kwenye karatasi, jinsi susu anavyolitamka, na pembeni nimeliandika kwa namna tatu ambazo karani Mzungu angeweza kulikosea. Nilikuwa nimesoma kila jiwe. Halikuwapo. Na haikuwa tu kwamba jina lake halikuwapo. Hakukuwa na jina lolote linalofanana na la kwetu, la mtu aliyebeba mzigo.

Tuelewane kuhusu idadi. Katika vita hivi vya Afrika Mashariki, Waingereza waliandikisha takriban wapagazi milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na hata Afrika Magharibi. Magari yalikwama na ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, kwa hivyo kila sanduku la risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani mwa mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 23, mbali na vitu vyake mwenyewe. Kwanza waliomba watu wa kujitolea. Baadaye machifu wakapewa idadi ya kuleta. Mwaka wa 1917 msako ukawa mkubwa, vijiji vikabaki na wanawake, wazee na watoto. Risasi hazikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kuliwa nusu mbichi kwa sababu hapakuwa na muda wa kuupika. Hesabu za Waingereza wenyewe zilifika karibu 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini walikuwa zaidi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na hao hesabu yao ni ngumu zaidi.

Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu walilitafuna jina hilo hadi likawa Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Ukienda Kariokor kununua viondo au kula nyama choma, umesimama kwenye jina la jeshi la wafu. Nimekula pale mara nyingi. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Sasa, kwa nini hawako Taveta? Si kwamba walisahaulika kwa bahati mbaya. Baada ya vita, Tume ile, ambayo kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba wafu wote ni sawa na kila mmoja apate jina lake, iliamua pamoja na watawala wa koloni kuwa kanuni hiyo haitawahusu wapagazi wa huku. Makaburi yao yaliachwa yarudi porini. Badala ya majina, wangepewa minara ya jumla. Aprili 2021 Tume hiyo hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Pesa zao ziliwafuata porini pia. Wengi walikufa wakidai mishahara. Kwa kuwa majina yaliandikwa ovyo na ndugu hawakupatikana, kukawa na fungu kubwa la pesa ambazo hazijadaiwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alipigania kwa miaka mingi zilipwe kwa jamii zao. Serikali ilikataa. Lakini ilipokuwa inataka kazi ya wanaume waliobaki hai, majina na alama za vidole hazikuisumbua. Vita vilipoisha tu, kipande kikaanza kuning'inizwa shingoni mwa kila mwanaume. Kumbe walijua kuandika majina.

Nilirudi Nairobi kesho yake. Jumatatu nilishuka mjini nikaenda kuuangalia ule mnara wa Kenyatta Avenue, sanamu za wanaume watatu wa shaba. Nimepita hapo tangu nikiwa sekondari. Umekuwa hapo tangu 1928. Kwenye msingi wake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi wanaitwa hapo miguu na mikono ya jeshi. Halafu kuna ahadi, inayosemekana ilitungwa na Rudyard Kipling: kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nilizunguka mnara mzima. Hakuna jina hata moja.

Jamaa mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akila mahindi aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta jina la mtu. Akauangalia mnara, akaniangalia, akasema, "Hapa? Hapa hakujawahi kuwa na majina, bro." Akaendelea kula.

Kuna jambo lingine lililonisumbua njiani, nalo ni gumu zaidi kumwambia susu. Hajui mwaka ambao babu yake alichukuliwa. Anajua tu kwamba ilikuwa kabla ya njaa kubwa, ile ya 1918. Kama alichukuliwa 1915, basi huenda alibeba maji na risasi kati ya Maktau na Salaita, na huenda kweli amelala kwenye vichaka nilivyovipita na boda. Lakini kama ni 1917, vita vilikuwa vimeshahama mbali, vimeshuka kusini hadi Rufiji na Lindi, na waliokufa huko walikufa mamia ya kilomita kutoka Taveta. Labda "upande wa Taveta" lilikuwa jina la mlango tu. Waliobaki nyumbani waliuona mlango ukimmeza, hawakuona chumba. Miaka zaidi ya mia tumekuwa tukiulaumu mji ambao pengine alipita usiku mmoja.

Katika miaka ya karibuni, kumbukumbu za kijeshi zilizokuwa zimehifadhiwa hapa Nairobi zimetoa majina zaidi ya 3,000 ya watu wetu waliohudumu vitani. Ni kidogo ukilinganisha na 95,000, lakini si bure. Jina la mzee bado sijaliona. Naendelea kutafuta, kwa zile namna tatu za kulikosea na nyingine mbili nilizoongeza.

Jioni hiyo nilimpigia susu simu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikayasahau yote.

"Halipo, susu," nilimwambia. "Nimesoma mawe yote. Halipo."

Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekata. Kisha akaniuliza, "Na wewe unaitwa nani?"

Sikuelewa. Akarudia, kwa ile sauti ya mtu anayemfundisha mtoto: "Nimekuuliza unaitwa nani."

Nikalitaja jina langu. Yote mawili. Lile la pili ndilo lililokuwa kwenye karatasi niliyotembea nayo Taveta. Baba yake susu alimpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake aliyepotea, kama desturi inavyotaka, na mama yangu alinipa mimi jina la huyo mjomba wake. Ni jina ambalo karani wa chuo alilikata kwenye orodha karo iliposhindikana, na nimekuwa nikilificha tangu hapo. Kwenye kazi zangu naandika herufi moja tu ya mwanzo, kisha nukta.

"Basi lipo," susu alisema. "Na uache kulikata."

Kisha akaniuliza kama nimekula.